Nilivyopigwa Nikicheza Mume

Kwa miaka mingi niliuza vipuri vya magari Nakawa, na tangu nitoke kwetu Kenya kuja huku kwa Waganda sikuwa nimempiga mtu wala kupigwa. Jirani yangu wa Kyebando, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na kikundi cha maigizo kilichofanya mazoezi Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Aliniomba nikamsaidie kubeba mabenchi, kwa kuwa nina mwili. Nikabeba. Nikapigilia jukwaa misumari, nikashona pazia. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini na sikujua kwamba nilitamani mahali pa kwenda Jumamosi.

Aliyecheza mume alipopata kazi ya ulinzi ng'ambo, mwalimu alinigeukia.

"Wewe ndiye mume," akasema.

"Mwalimu, sijui kuigiza. Na Kiganda changu unakijua."

"Ndiyo maana nakutaka. Utasema Kiswahili. Hapa mtu akikemea kwa Kiswahili, wazee wanatafuta mlango uko wapi."

Nilicheka. Kwangu hiyo ni lugha niliyobembelezwa nayo. Hapa, kwa watu wa umri fulani, ni lugha ya askari mwenye bunduki. Nilikuwa nimesikia hivyo, lakini kusikia si kujua.

Mchezo ulihusu mume anayempiga mkewe. Mke alichezwa na dada mmoja aliyekulia katika kota za polisi, wazazi wake wakitoka kaskazini. Alikuwa mwembamba na hakuogopa chochote.

"Kaka, unapiga kama mtu anafukuza inzi," aliniambia siku ya kwanza.

Akanifundisha. Kiganja kipite karibu na shavu, naye apige paja lake kutoa mlio. Nimshike nywele bila kuvuta, kwa kuwa mikono yake ndiyo inayonishika na kunifuata. Nikimburuta, yeye ndiye anayejisukuma kwa visigino. Wiki zikapita nikawa hodari. Ilinitisha jinsi nilivyokuwa hodari. Kuna sauti ilikuwa ikitoka tumboni mwangu ambayo sikuwahi kuisikia, na baada ya mazoezi nilikaa nje peke yangu.

Onyesho la kwanza tulifanya Jumapili alasiri, kwenye uwanja kando ya soko dogo. Watu walikaa kwenye mabenchi na kreti za soda. Pembeni, mama mmoja wa makamo alikuwa akitwanga karanga za kuuza, akitazama huku mchi unapanda na kushuka.

Nilimpiga mke, naye akalia kama kweli. Watu wakanizomea, mmoja akanitukania mama. Kadiri walivyonichukia ndivyo damu ilivyonichemka, na hapo nikaongeza maneno ambayo hatukuwa tumeyapanga.

"Lala chini," nikamwambia mke. "Mikono kichwani."

Dada akalala. Uwanja ukanyamaza. Nikadhani nimewashika.

Sikuuona mchi ukija. Ulinipata kwenye mtulinga, nikasikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Wa pili ulinichana sikio. Baadhi ya watu wakacheka, wakidhani ndivyo tulivyopanga. Kisha vijana wakavuka kamba iliyotutenga na watazamaji, wakaanza kunipiga mateke. Buti likanipata mdomoni, nikatema jino pamoja na mchanga. Sikupaza sauti. Kiswahili pekee ndicho kilichonijia, na nilijua kwamba nikikitamka nimekwisha.

Dada ndiye aliyeniokoa. Alinilalia mgongoni, akipiga kelele kwa Kiganda kwamba ni mchezo, kwamba mimi ni rafiki yake. Wakampiga na yeye mbavuni kabla ya kuelewa. Walipoachana nasi, nilimwona mama wa karanga amesimama palepale, mchi mkononi.

Nilikaa nyumbani na mkono ukiwa umefungwa kifuani. Niliporudi ukumbini, nisiyeweza hata kubeba benchi, yule mama alikuja. Alikaa benchi la nyuma mpaka tulipomaliza, kisha akanijia.

"Ssebo, mimi hapana piga wewe," alisema, akiniita mheshimiwa kwa Kiganda. "Mimi napiga ile maneno."

Nikamwambia nimeelewa. Akatikisa kichwa, sikuwa nimeelewa.

"Barabarani, zamani. Askari walisema hivyo hivyo. Bwana yangu alilala, mikono kichwani. Hakuamka tena. Mimi naangalia tu."

Mwalimu alimwahidi kwamba tutayaondoa maneno yale.

"Hapana," mama akasema. "Acha." Akamgeukia dada. "Lakini wewe, mbona unalala?"

Mwalimu akavuta kiti, akamkaribisha mama aketi, na jioni hiyo tukaanza kuubadilisha mchezo.

Mtulinga uliunga vibaya, na baridi ikija unaniuma. Tulicheza tena katika ua mmoja karibu na Wandegeya. Nilipofika kwenye maneno yale ulimi ulikuwa mzito, na macho yangu yalitafuta mikono ya watu kama ina kitu. Nikasema.

"Lala chini. Mikono kichwani."

Dada alibaki amesimama, akinitazama. Sikuwa na neno lingine la kusema, ndivyo tulivyokubaliana. Mbele kabisa mzee mmoja aliinama na kumwambia dada, kwa upole kama mtu asiyetaka wengine wasikie:

"Usilale, mwanangu."