Hodi kwa Printa

Fundi wa kompyuta wa kituo chetu cha afya hapa Ifakara huongea na mashine kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Printa ikikaa kimya, haigombezi. Huketi kwenye kompyuta, huandika namba za anwani ya printa kwa kidole kimoja, kisha husema taratibu, “Hodi.” Ujumbe wa kuiuliza kama ipo hupita kwenye waya kwenda chumba cha pili ilipo printa, naye huinamisha kichwa kana kwamba atasikia mlango ukifunguliwa.

Siku ile ya masika, mwaka tisini na nane, mawingu yalikuwa yamelalia mashamba ya mpunga. Minza, mama kutoka Mngeta, alikuwa kwenye benchi na mtoto mgongoni, akisubiri printa itoe barua ya kumpeleka hospitali Morogoro. Basi lilikuwa nje, injini haijazimwa.

“Hodi,” fundi akasema. Kimya. “Hodi.”

“Karibu, baba,” Minza akaitika, maana hodi haiachwi hivi hivi.

Fundi hakucheka. Aliinuka, akaufuata waya ukutani kwa ncha za vidole, polepole, kama anayetafuta mshipa, hadi nyuma ya printa. Ulikuwa umechomolewa. Nikatazama chini. Radi ilipoanza asubuhi niliuchomoa mimi, kama tunavyochomoa redio nyumbani. Akauchomeka bila kuniuliza, akarudi, akaandika zile namba, kidole kikabaki juu ya kitufe.

“Piga hodi wewe, mama. Barua ni yako.”

“Hodi,” Minza akasema. Fundi akabonyeza, na ng’ambo ya ukuta printa ikaanza kuvuta karatasi.