Ripoti ya Jumapili

Bango la mlangoni nililiandika kwa mkono wangu, rangi nyekundu: INTANETI YA KASI, SIRI YAKO SALAMA. Yote mawili yalikuwa uongo. Lile la kwanza nililihangaikia mpaka likawa kweli. La pili ndilo ninaloandika habari zake hapa, na kama ningeweza kuliacha ningeliacha.

Kibanda changu kilikuwa Tunduma, hatua chache kutoka foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Kompyuta sita, feni moja, na modemu ya kampuni ya simu iliyokuwa ikinidhalilisha kila siku ya Mungu. Wateja walikuwa makarani wa forodha, madereva, wafanyabiashara kutoka kila kona ya nchi. Mtu anabonyeza, ukurasa unabaki mweupe, anasubiri, anaguna. Mzee mmoja wa nguo za mtumba, mstaarabu kabisa, aliinuka akavaa kofia yake akaniambia, "Kijana, mimi naenda kuswali adhuhuri. Nikirudi nitaukuta huu umefunguka, inshallah." Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Aliyeniokoa ni fundi wa kompyuta wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alikuja kuchapisha karatasi zake, akaona ninavyoteseka. Akanieleza kwamba kila ukiandika jina la tovuti, kompyuta haijui iliko, lazima iulize njia kwanza. Kazi hiyo ya kuelekeza ndiyo mafundi wanaiita DNS. "Huyu mwelekezaji wa kampuni yako amelala," alisema. "Wapo wengine huko nje, wa bure, wana mbio." Akaniandikia namba nyuma ya risiti, tukaziingiza kwenye mashine zote sita. Jamani! Kupakua picha kulibaki kulekule kwa kobe, ila ukurasa ulianza kufunguka papo hapo, na mteja akiona kitu kimeanza hagombi.

Nikamuuliza, "Sasa hao wa bure wanapata nini?"

Akacheka. "Mwaice," akaniita kwa Kibemba, mdogo wangu, "anayeulizwa njia na kila mtu anajua kila mtu anakwenda wapi."

Nikadhani ananitania. Nikampa soda, akaondoka.

Hao wa bure walikuwa na kitu kingine. Ukijisajili kwao wanakupa ripoti: kila siku, orodha ya majina ya tovuti zote zilizoulizwa kutoka kibandani kwako. Yaliyomo ndani huyaoni, unaona majina tu. Nadhani waliiweka ili mwenye ofisi azuie mambo machafu. Mimi niliifanya gazeti. Asubuhi, chai mkono huu, chapati mkono huu, naisoma. Sikuweza kujua nani kaenda wapi, maana mashine zote zilichanganywa pamoja, lakini nilikisia. Nikimwona karani fulani anaingia na tai yake, najichekea kimoyomoyo. Nilijiambia majina matupu hayamdhuru mtu. Mmbea hakosi kisingizio.

Sasa shemeji yangu. Alikuwa mke wa kaka yangu, na kaka ndiye mwenye duka la vipuri vya malori hapohapo Tunduma. Shemeji kwao ni Mbebe, Ileje, mtoto wa mzee wa kanisa, mpole lakini si wa kuchezewa. Shemeji kwetu ni mtani wako. Nilikuwa naingia jikoni kwake nafunua sufuria bila hodi, naye ananipiga mwiko wa mkono, ananiita mume mdogo asiyeleta hata chumvi. Tulicheka mpaka kaka anapiga kelele sebuleni kwamba tunamkosesha taarifa ya habari. Nilimpenda yule dada, niseme ukweli. Alikuwa mtu wangu kuliko hata kaka mwenyewe.

Walikuwa na miaka saba ya ndoa, mtoto hakuna. Mama yetu, wa Isansa, mkulima wa kahawa, hajui kumung'unya maneno. Kila tukienda nyumbani lazima shemeji arudi na jeraha. Hakuwahi kumjibu mama hata siku moja.

Jumapili nilikuwa nafunga kibanda. Jumapili moja shemeji akaniomba nimfungulie baada ya ibada, ana jambo la kutafuta na hataki kelele za watu. Nikamfungulia. Alikaa kwenye mashine ya mwisho, ukutani, saa nzima. Alipomaliza akaniita kwa sauti ya chini. "Shemeji, mtu anafutaje, asije mwingine akaona alikopita?"

Nikamfundisha. Bonyeza hapa, futa yote, kubali. Nikamwambia, "Hapo hata mimi mwenye mashine sioni kitu."

Aliniamini. Na mimi wakati ule nilikuwa nasema kweli, sikuwa nimekumbuka ile ripoti. Nilikuja kuikumbuka Jumatatu asubuhi, nilipoifungua na kuona Jumapili ina mtu mmoja tu.

Ningeweza kuifunga. Kidole kilikuwa juu ya kitufe kabisa. Nikasoma. Kulikuwa na jina la hospitali moja ya Lusaka. Kulikuwa na tovuti mbili za matatizo ya uzazi ya wanaume, ya wanaume, si ya wanawake. Mwisho, tovuti ya watu wanaotaka kuasili mtoto. Miezi miwili kabla, kaka na mkewe walikwenda Lusaka, wakatuambia wamefuata vipuri. Nilielewa kabla chai haijapoa. Mwenye tatizo alikuwa kaka, na walivuka mpaka kupimwa mahali ambapo hakuna anayewajua. Yule mwanamke alikuwa akitukanwa tasa Isansa nzima, na amenyamaza.

Siri ya mtungi muulize kata. Mimi sikuwa kata, nilikuwa mpita njia niliyechungulia. Kilichobaki kwangu kilikuwa kufunga mdomo tu, kazi isiyohitaji hata elimu.

Niliweza wiki tatu. Halafu ikafika sherehe ya kipaimara cha mpwa wetu, nyumbani Isansa. Wageni wamejaa uwanjani, shemeji anapita na sinia la wali anapakulia watu. Mama akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Wenzetu wakitoa mahari wanapata wajukuu. Sisi tulipata mpishi."

Watu wakainamia sahani zao. Shemeji hakusimama, aliendelea kupakua. Damu ikanipanda. Nilitaka kumtetea, Mungu ni shahidi, lakini pia nilitaka kuchekesha, nilitaka waone mimi ndiye mtani hodari. Nikapaza sauti: "Mama, muache mke wangu! Siku hizi hata wanaume wanapimwa. Mpeleke huyo mwanao Lusaka, kuna hospitali ya mabingwa wa mambo hayo!"

Uwanja mzima ukacheka. Mama naye akacheka, akanirushia kanga, akaniita mshenzi. Kwao ulikuwa utani wa shemeji, basi. Lakini kaka aliacha kutafuna. Alimtazama mkewe. Na shemeji, sinia mkononi, alimtazama mumewe. Hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne kaka akaja kibandani. Kibanda kilikuwa kimejaa, mashine zote sita zina watu, wengine kwenye benchi wanangoja zamu. Akainama kwenye meza yangu akanong'ona, "Alikuambia yeye?"

Jibu nilikuwa nalo. Hapana kaka, mimi nilisoma ripoti, naweza kukuonyesha. Maneno machache tu. Lakini ningeyasema kaka angefoka, wale sita wangesikia, wangeinuka wote, na kufikia jioni Tunduma nzima ingejua kwamba mwenye kibanda anasoma wateja wake. Niliwaza kibanda changu. Nikainamisha kichwa, sikusema ndiyo, sikusema hapana.

Kaka alitikisa kichwa taratibu. "Tuliapa," alinong'ona tena. "Mkono juu ya Biblia, mimi na yeye. Mwenyewe ndiye aliyesema atabeba maneno ya mama, nisiaibike mbele ya watu. Kumbe anabeba huku anasimulia."

Nilimwacha aondoke na hilo. Alipotokomea, mteja mmoja akaniita, printa imekwama, nikaenda kuinasua. Ripoti niliizima siku ileile. Wale waelekezaji wa bure sikuwatoa, maana wateja walishazoea kasi. Wao bila shaka bado walijua kila mtu anakwenda wapi, na bango langu likabaki mlangoni.

Nilijiahidi nitamwambia kaka wakiwa wametulia. Hawakutulia. Nilikuwa nikienda kwao nakuta mmoja sebuleni, mwingine jikoni, nyumba kimya. Shemeji aliacha kunipiga mwiko, nami niliacha kufunua sufuria. Kila juma nilisema juma lijalo. Mwoga ana kalenda yake. Mwezi wa tatu tangu ile sherehe, kaka akaniambia shemeji anarudi kwao, na akaniomba mimi, mimi jamani, nimsindikize mpaka kwenye gari, kwa sababu yeye hataki kuonekana. Mama aliposikia alisema heri, labda atakayekuja atazaa.

Tulikwenda Mpemba, njia panda ya Ileje, na mabegi yake mawili. Gari la Ileje, Noah moja chakavu, lilikuwa bado linangoja abiria. Tulisimama pembeni, vumbi linatupiga. Nikasema moyoni, sasa. Hapa hakuna wateja, hakuna mtu wa kusikia, sema sasa. Nikafungua mdomo, "Shemeji, kuhusu yale maneno ya Isansa..."

Akaniwahi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama alivyokuwa akimshika mama akimwamkia.

"Usijisumbue nayo, shemeji. Mimi nilitunza siri yake mpaka nikaitwa tasa, kaka yako kumbe amekwenda kukusimulia wewe. Kinachonitoa ni hicho, si ugumba wake. Tulishaanza hata kutafuta mtoto wa kulea." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Wewe uliambiwa tu, na ulitaka kunitetea. Katika nyumba ile yote ni wewe peke yako uliyewahi kunitetea. Sitakusahau."

Konda akaita, Ileje, Ileje, mmoja. Nikapakia mabegi yake, nikamfungia mlango, na kupitia dirishani nikamwambia, "Asante, shemeji."