Senti Kumi ya Nchi Mbili

Mke wangu aliporudi kwa wazee wake mtaa wa Buxton, majirani zangu wa mtaa wa Kuze walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Hakufa mtu. Alisema amechoka kukaa nyumba isiyo na mazungumzo, akafunga nguo zake, akaondoka mchana kweupe. Talaka sikutoa, wala yeye hakuidai. Nilichotaka ni arudi, na sikujua nimwambie nini. Nikabaki na duka langu la usonara chini, chumba juu, na mkate wa kuchovya chai. Nilikuwa mpweke, na upweke ule ulinikera zaidi watu walipopunguza sauti wakipita mlangoni kwangu.

Siku moja akaja bibi wa mtaa wa pili na senti kumi kadhaa zenye tundu. Zilikuwa za zamani, za enzi za mfalme wa Kiingereza. Serikali mpya ilikuwa imeanza kutoa zake, na bibi akaona heri azitie uzi kuliko kuzifungia sandukuni. Alitaka nizisugue, nimtungie mjukuu wake mchanga kikuku cha siku ya arubaini. Nilipofika moja nikasita. Upande mmoja una pembe za ndovu, tuzijuazo sote. Upande wa pili una nyota.

"Hini ni ya bandia," bibi akasema. "Itupe, isimtie mtoto nuksi."

Nikamwambia si bandia. Sisi masonara tuna mihuri ya chuma, mmoja chini, mmoja juu. Bamba la fedha hukaa kati, nyundo ikashuka, pande zote mbili zikapata sura kwa pigo moja. Sarafu nazo ni hivyo hivyo, ila kwa mashine. Kiwanda cha ng'ambo kilichotupigia sisi kiliwapigia na watu wa Afrika ya Magharibi, na sarafu yao ya tundu, yenye nyota, ililingana na yetu kwa upana. Fundi amalizapo kazi ya nchi moja hubadili mihuri yote miwili. Huyu alibadili wa juu akausahau wa chini, na mashine haina macho.

Bibi alinitazama mpaka nikaona haya.

"Kumbe wewe wasema!" akacheka. "Basi ichukue hiyo, kampelekee mkeo."

Ijumaa baada ya swala nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikaenda Buxton kwa miguu, nikiyarudia moyoni maelezo yangu njia nzima. Baba mkwe alinikaribisha vizuri, akatupisha ukumbini. Mke wangu alikaa kiti cha mbali. Nikampa senti, nikaeleza mihuri, kiwanda, fundi aliyesahau. Alisikiliza akiigeuza vidoleni, na mara moja akatabasamu. Sitaficha, moyo wangu ulijaa furaha.

"Hakuwa mtu mmoja huyo," akasema nilipomaliza. "Walikuwa wawili, wa juu na wa chini, na walikuwa hawasemezani."

Nikambishia. Nikamwambia mashine moja huwa na fundi mmoja, kazi hii mimi ndiye niijuaye.

Akaniwekea ile senti kiganjani, taratibu, akainuka kwenda jikoni kwa mamake. Nilingoja. Aliyeniletea chai alikuwa baba mkwe.