Wateja Wasiojuana

Karakana ya Fundi Nywele ina milango miwili. Wa mbele unaangalia barabara, kati ya duka la vioo na fundi redio. Wa nyuma unatokea kwenye uchochoro wenye mabomba, ambako wanawake wa nyumba za jirani hufua nguo. Mteja huingia kwa mbele, hupita nyuma ya pazia zito, huketi, hupimwa kichwa, hujaribu wigi lake, hujitazama kwenye kioo kwa muda anaoutaka, kisha hutoka kwa nyuma. Mwingine hafunguliwi mpaka wa kwanza awe amekwisha kwenda. Hata wale wafuaji wamezoea: mlango wa nyuma ukilia, wote hugeuzia nyuso zao ukutani mpaka nyayo zipotee. Hakuna aliyewaamuru. Ni adabu tu, ile ambayo siku hizi watu wazima wenye vyeti vya shule wanaitafuta kwa tochi.

Wateja wenyewe si watu wa kubadilisha mitindo. Hao wana saluni zao. Wanaokuja kwa Fundi ni wale ambao nywele zimewaacha: wengine kwa dawa kali za hospitali, wengine kwa kuungua, wengine kwa sababu ambazo hata madaktari wakiulizwa huishia kukuna vichwa vyao wenyewe. Alianza kazi hii kwa ajili ya dada yake mkubwa, aliyevuliwa kitambaa katikati ya saluni iliyojaa watu, na mtu aliyedhani anachekesha. Dada alijifungia ndani, na hakutoka mpaka mdogo wake alipojifunza kufunga unywele mmoja mmoja kwenye wavu kwa sindano ya kulabu. Tangu hapo kila mteja mpya husikia maneno yaleyale kabla hajagusa kitambaa chake: "Hapa hujaonekana."

Ahadi hiyo ilitunzwa miaka mingi. Iliyoivunja ni simu.

Kitindamimba wake, binti mchangamfu anayefanya kazi ya kuuza vifaa vya umeme, ndiye aliyemfungulia ukurasa kwenye mtandao. "Mama, watu watakujuaje ukijificha humu ndani kama panya?" alimwambia. Akapiga picha wigi moja juu ya kichwa cha mbao, akapiga na ya mama yake akitabasamu kwa shida, akamkabidhi simu. Mtandao ukauliza kama unaruhusiwa kusoma majina na namba zilizomo kwenye simu ile. Neno la kukubali lilikuwa kubwa, la buluu, katikati ya kioo. La kukataa lilikuwa chini, dogo, la kijivu kilichofifia, mfano wa kitu wasichotaka ukione. Fundi alibonyeza kubwa. Na mimi nasema wazi kwamba mtu anayekuomba ruhusa kwa namna hiyo hajakuomba. Amekuibia kwa heshima.

Siku moja asubuhi mlango wa nyuma ukabishwa. Hakuna aingiaye kwa mlango huo, kwa hiyo Fundi alifungua kwa wasiwasi. Aliyesimama pale alikuwa Keshia, mwanamke ambaye bado kijana, anayekaa kaunta kwenye duka kubwa la mtaa wa pili, mteja wake tangu nywele zilipomtoka kwa mabaka na kukataa kurudi.

"Umeniuza, dada," Keshia alisema.

"Nimekuuza kwa nani?"

"Kwa mama mkwe."

Fundi akamvuta ndani, akamkalisha, akaweka sindano mezani. Keshia alieleza huku akijipapasa kisogoni kuhakikisha kila kitu kiko mahali pake.

"Tulikuwa mezani sote. Mama kashika simu yake anapekua, kama kawaida yake. Mara anasema, huyu mshona mawigi ni nani? Simu inaniambia huenda namfahamu. Na inasema anayetuunganisha ni wewe, mkwe wangu. Basi meza nzima ikageuka. Mawifi wananitazama kichwani, wote, utadhani kuna ndege katua."

"Ukasemaje?"

"Nikasema kuna rafiki wa kazini aliagiza kitu. Akacheka. Akasema basi atakwenda kumwona huyo fundi wa rafiki yangu. Na yule, dada, akisema atakuja, anakuja."

"Mumeo?"

"Mume wangu anajua tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyenileta mpaka pale kona. Lakini mama yake ni redio. Mke wa shemeji alipoharibikiwa mimba, alimwambia mama siri hiyo akilia. Kufika jioni, hata mchoma mkaa alikuwa anampa pole." Akajipapasa kisogoni tena. "Sioni aibu ya ugonjwa. Ila kichwa ni changu. Sitaki kiwe mazungumzo ya watu kwenye foleni ya maji."

Kisha akatoa simu yake. "Na si hilo tu. Mtazame huyu. Simjui, sijawahi kumwona. Simu inasema huenda tunafahamiana, na anayetuunganisha ni wewe peke yako. Nikaitazama picha yake mara moja tu. Nikazitazama nywele zinavyoanzia kwenye paji la uso, mshono ule. Nikajua ni mkono wako, dada. Na yeye akiniona mimi, atajua."

Fundi aliitazama picha. Alikuwa mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mwanamke ambaye Fundi mwenyewe alikuwa akimsindikiza mpaka kwenye uchochoro, asionekane hata kivuli chake. Miaka yote hiyo ya pazia na subira, na mashine isiyo na uso ilikuwa imewashika mikono wanawake wawili na kuwakutanisha, bila kuwauliza, bila hata kujua ilikuwa inafanya nini.

"Sijasema na mtu," alisema.

"Najua hujasema. Ungekuwa umesema ningekuja kwa mlango wa mbele, tena na kelele."

Jioni Fundi alimwita Kitindamimba na kumtaka aeleze, pole pole, bila kizungu kingi. Binti akaeleza. Simu ya mama ina namba za wateja. Simu za wateja zina namba ya mama. Simu ya mama mkwe ina namba ya Keshia. Mtandao unazikusanya zote, unazilinganisha, kisha unakisia nani anamjua nani.

"Kwa hiyo nikifuta ukurasa wangu, imekwisha?"

"Picha yako itaondoka, mama. Lakini namba yako bado imo kwenye simu zao, na simu zao zinasomwa. Wateja wawili wote wana namba moja ya mtu mmoja. Mashine itasema, aha, hawa wana jambo."

"Namba ni yangu."

"Kwenye simu yako ni yako. Kwenye simu ya Keshia ni ya Keshia. Yeye akiruhusu, keshawapa."

"Nikimpa mgeni ufunguo wa choo changu, nimeupa mtaa mzima?"

Binti akacheka, kisha akaona mama yake hacheki. "Mama, dunia nzima iko hivyo. Watu wamezoea."

"Watu wamezoea na mbu pia. Mbona hujamfuga?"

Walipeleka malalamiko kwa wenye mtandao, kwa maandishi tu, kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kubisha wala mtu wa kumwangalia machoni. Jibu lilirudi upesi, lenye adabu nyingi: wanashukuru, wanajali, wanapendekeza watu ili kuwaleta karibu wapendanao. Chini kulikuwa na maelezo kwamba ujumbe huo haujibiwi. Fundi akamwambia binti aufute ukurasa palepale, mbele ya macho yake. Maagizo yaliyokuwa yakija kwa njia hiyo hayakuwa haba, na Kitindamimba alimkumbusha hivyo zaidi ya mara moja. "Hayo yaende na aliyeyaleta," Fundi alisema.

Mama mkwe alikuja kama alivyoahidi. Aliingia kwa mbele, mkoba mkononi, viatu vya kutokea mguuni, akaketi kabla hajakaribishwa.

"Habari ya kazi, Fundi? Mimi ni mkwewe yule mteja wako, Keshia."

"Nzuri, mama. Nikusaidie nini?"

"Nataka kujua tu. Mkwe wangu ana nywele au hana?"

"Hapa sizungumzi watu, mama."

"Si watu. Ni mwanangu huyo. Nimemwozesha mimi."

"Umemwozesha mwanao. Kichwa hukukiozesha."

Mama mkwe akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Sema ndiyo au hapana, niondoke zangu."

"Sijibu."

"Kutojibu nako ni jibu, Fundi. Mimi si mtoto."

"Basi niulize habari za jirani yako, kama ni mteja wangu. Niulize za daktari. Niulize za dada yako wa tumbo moja. Wote nitawanyamazia hivihivi. Na kesho mtu akija kuuliza habari zako, naye nitamnyamazia."

"Habari zangu mimi? Mimi nina zipi?"

"Sijui, mama, na sitaki kujua. Ndiyo kazi yenyewe."

"Nitakaa hapa mpaka useme."

Akaweka mkoba mapajani. Fundi akaendelea kufunga nywele. Mara mlango wa mbele ukagongwa, taratibu, kama wanavyogonga wateja wake wote. Huyo alikuwa na miadi, na hangeweza kuingia huku mtu amekaa pale akikodoa macho. Fundi akasimama, akamshika mgeni wake kiwiko, kwa upole lakini kwa mkono wa mtu aliyezoea kukaza mafundo, akamwinua.

"Unanipeleka wapi?"

"Humu hutokea nyuma, mama. Kila mtu."

Mlango wa nyuma ukalia. Kwenye mabomba, wafuaji wote wakaacha nguo na kugeukia ukuta kwa pamoja, migongo imepangana. Mama mkwe, ambaye hajawahi kupita penye watu bila kusalimia na kusalimiwa, alisimama akiwa na neno la salamu mdomoni na hakuna uso wa kumpa.

"Hamjambo?"

Hakuna aliyegeuka. Ndipo akaelewa wanamdhania nini. Akashika nywele zake kwa mikono miwili, akazivuta.

"Hizi ni zangu jamani. Tazameni. Ni zangu."

"Hatujaona kitu, mama," mmoja alijibu, bado anautazama ukuta. "Nenda salama. Wala usijali, hatusemi."

"Hamsemi nini? Hakuna cha kusema."

"Ndiyo hivyo, mama. Hakuna."

Aliondoka haraka, mkoba kifuani, na kadiri alivyojieleza ndivyo walivyozidi kumheshimu kwa migongo.

Kuanzia wiki hiyo Fundi alimwomba kila mteja jambo moja kabla ya kumpima: afute namba yake kwenye simu, palepale, na asimwandike tena kwa jina lolote. Anayemhitaji aje kwa miguu, agonge. Kitindamimba alilalamika kwamba huko ni kurudi nyuma. Wapo wateja waliokataa, wakaona ni usumbufu wa bibi mmoja mkaidi, na hawakurudi. Fundi hakuwafuata. Wapo watakaosema kwamba mwanamke mmoja hawezi kushindana na mtandao wa dunia nzima, na kwamba namba chache zilizofutwa ni tone tu. Sijasikia Fundi akisema anashindana. Alisema alitoa ahadi.

Keshia naye alifuta. Jioni ya siku hiyohiyo walikuwa mezani tena, mawifi, mume wake na mama.

"Fundi wako kanitoa kwa mlango wa uani kama mwizi," mama mkwe alisema, akichota mchuzi.

"Pole, mama."

"Na wewe bado hujanijibu."

Keshia aliweka kijiko chini. Safari hii hakumtaja rafiki wa kazini. "Sitakujibu, mama. Mwanao anajua, na daktari wangu anajua. Ukiniuliza kesho sitakujibu, na keshokutwa vilevile. Nakuheshimu kwa mengine yote."

Mawifi waliacha kutafuna. Mama akageuka kwa mwanawe, akitaka amkemee mkewe.

"Unamsikia?"

"Namsikia, mama," alisema mwanawe. "Na mimi usiniulize."

Mama mkwe alitazama meza nzima, uso mmoja baada ya mwingine, kisha akalivuta bakuli la mchuzi na kumsogezea Keshia. Keshia akajipakulia, akala.