Bei ya Mzee wa Kadi

Iko siku moja, mwanangu, hata nikisahau jina langu, hiyo sitaisahau. Nilikuwa kijana, damu inachemka, nimefika Durban juzi tu, na kila aliyeniuzia kitu niliona anataka kunila.

Nilienda na tantine Zawadi, dada yake baba, aliyekuwa akiuza vitenge Isipingo. Tuliingia ukumbi mmoja wa Queensburgh ambako watu walikuwa wamepanga meza, wanauza kadi za zamani za wachezaji, zile karatasi ngumu zenye picha mbele na habari za mchezaji nyuma. Nilitaka moja tu, ya golikipa ambaye baba yangu kule Bukavu alimpenda kama ndugu wa damu. Nilitaka kumpelekea baba.

Niliikuta kwenye meza ya mzee mmoja mwenye koti la sufu. Bei? Two thousand rand. Eish, hata kodi ya chumba changu haikufika hapo. Nikamwomba apunguze, akakataa. Nikazunguka, nikarudi, nikaongeza kidogo, akakataa tena, hata haniangalii. Basi nikamwambia mbele za watu kwamba yeye ni mwizi, anakamua maskini kwa karatasi. Mzee aliendelea kupangusa kadi zake kwa kitambaa. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, na wangu siku ile haukuwa na adabu pia.

Tantine akanivuta mkono. Biashara haigombi, aliniambia, kaa hapa utazame. Akaja bwana mmoja mwenye pesa zake, akaikubali ile bei bila kubishana, akatoa pochi. Mzee akashtuka. Akasema samahani, hiyo imeshawekewa mtu. Akaja mwingine akataka kadi nyingine, naye akakubali bei, naye akaambiwa vilevile.

Hapo tantine, ambaye biashara aliianza kabla hajaolewa, akasogea mezani akampa pole. Pole ya nini, mimi sikuelewa. Mzee akakaa, akaeleza taratibu. Kadi zilikuwa za mwanawe wa kiume. Walizikusanya pamoja tangu mtoto yule ana meno ya utoto. Sasa kijana amekufa, mzee anahamia flati ndogo ya South Beach, na binti yake amemwambia nafasi hakuna, auze. Kumkatalia binti hakuweza. Kuuza pia hakuweza.

Tantine akanigeukia. “Umesikia? Hiyo bei si ya kuuza, ni ya kuzuia. Omba msamaha, halafu beba hayo maboksi mpaka kwenye gari lake.”

Niliomba, nikabeba, na aibu yangu ilikuwa nzito kuliko maboksi. Baba hakupata kadi. Nilipomsimulia kwa simu, aliuliza kama yule mzee ana mtu wa kumpikia.

Mwanangu, iko bei ya tamaa na iko bei ya uchungu, na ukiwa mbali zinafanana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bei ikikushinda, sema asante uende zako. Usimpe mtu jina baya kabla hujamuuliza habari zake. Mimi mwenyewe leo nina cherehani ya marehemu mama yako. Watu wakiuliza bei, nawatajia bei ya gari. Wengine wananicheka, na siwalaumu.

Nenda na amani. Mungu akupe mdomo mpole na macho kama ya tantine. Na siku utakaposhindwa kuachia kitu mkononi, akuletee mtu wa kukuambia pole.