Hodi ya Tatu kwenye Nyumba ya Karanga

Nta nyekundu ya sakafu ina harufu mbili. Ya kwanza ni ya mafuta ya taa. Inapanda puani kopo linapofunguliwa, kisha inaondoka. Ya pili ni nzito zaidi, kama mshumaa uliozimwa sasa hivi, na hiyo hukaa ndani ya nyumba kutwa nzima. Mwezi uliopita jirani yangu alikuwa akisugua baraza lake kwa nta ya namna hiyo, nami nilikuwa napita na ndoo ya maji. Nilisimama, nikaitua ndoo. Ilinichukua muda kukumbuka kwa nini.

Nitawaeleza kwa utaratibu, maana jambo hili sijawahi kulisimulia hadi mwisho. Masomo yangu ya darasani yaliishia la saba. Mengine nimeyasoma mwenyewe, na anayejisomea hujifunza mapema kutenganisha alichokiona na alichokuja kuambiwa. Nitajitahidi kuvitenganisha hapa.

Nilikuwa darasa la nne, Chamwino. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, sabuni na vitenge vimerudi madukani, na mashirika ya umma yanafungwa moja baada ya jingine. Mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Sabina, alitaka tuone kwa macho yale aliyokuwa akituandikia ubaoni: shamba la karanga ambalo Waingereza walilifyeka upande wa Kongwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Walileta matrekta, wakajenga nyumba, mvua ikawakatalia, wakaondoka. Miaka ya baadaye shamba lilishikwa na shirika, na sasa shirika nalo lilikuwa linakata roho. Nyumba ya meneja ilikuwa bado imesimama. Tuliambiwa mlinzi wake huwatembeza wageni na kuwaeleza chumba kwa chumba.

Tulipanda lori la kubebea mahindi. Mbele, pamoja na dereva na mwalimu, alikaa mwanamume aliyeomba lifti, afisa wa ofisi iliyokuwa ikikusanya mali za shirika. Alikuwa na faili la kijani na sauti ya upole, na alitugawia peremende mbili mbili. Nilikaa karibu na kidirisha cha nyuma ya dereva, hivyo nilimsikia akimwambia mwalimu kwamba anakwenda kuhakikisha nyumba ni tupu. Mnunuzi alikuwa amepatikana, naye alitaka kukabidhiwa nyumba isiyo na mtu.

Sisi tulikaa juu ya magunia. Hapo ndipo Zainabu aliponiharibia safari. Alikuwa rafiki yangu, Mrangi kutoka Kolo, baba yake akiuza nguo sokoni kwetu, na hakuna jambo chini ya jua ambalo bibi yake hakuwa ameliona.

"Nyumba za wazungu wa mashamba zina mumiani," alisema. "Bibi anawajua. Wanakukaribisha vizuri, unakanyaga zulia, kumbe chini shimo. Wanakuning'iniza kichwa chini kama mbuzi, damu inachuruzika kwenye beseni."

"Si wazungu walishaondoka?"

"Wazungu ndiyo. Mumiani aende wapi? Ana kwao?"

"Wewe hawakutaki," mtoto mmoja alimwambia. "Ndani yako ni maneno tu, damu watapata wapi?"

Lori zima lilicheka. Mimi nilikuwa nahesabu mbuyu mmoja mmoja ukirudi nyuma, nikijua kila unaopita unatupunguzia njia.

Nilikuwa na kinga moja tu, nayo ni ya mama. Mama yangu hakuwa mtu wa sheria nyingi, lakini ya mlango aliishika kama sala. "Hodi tatu," alisema. "Ukijibiwa, ingia. Ya tatu isipojibiwa, geuza miguu yako. Na wewe ukiwa ndani ukasikia hodi, itikia hata kama una tonge mdomoni. Asiyeitikia hodi ni mwizi au ni maiti." Nilijiambia kwamba mtu anayepiga hodi vizuri hawezi kunyonywa damu. Huo ndio uliokuwa ujuzi wangu wote wa kujihami.

Nyumba ilikuwa ndefu na ya chini, ina bati lililopauka na veranda iliyozungushiwa wavu wa mbu. Mlinzi alitungojea ngazini. Aliitwa Mzee Chitema. Alivaa koti la kaki lililoshonwa viwiko, na kifuani alining'iniza funguo kwa kamba ya katani.

"Mbukwenyi, wajukuu!" alitusalimia kwa Kigogo, kwa sauti kubwa ajabu kwa mwili mwembamba ule.

"Shikamoo babu!"

Afisa alimpa mkono. "Nyumba tupu, mzee?"

"Tupu, bwana. Mimi nalala kibanda cha watumishi, kule nyuma. Humu ni popo tu."

Kisha akafungua mlango, na ile harufu ikatoka kutupokea.

Sakafu yote ilikuwa nyekundu, imesuguliwa hadi nikayaona magoti yangu ndani yake. Watoto wengine walisema "Aa!" kwa kupendezwa. Mimi nilijua ninachokiona. Damu ikimwagwa miaka mingi ikapigwa brashi, ingekuwaje tena kama si hivyo? Nilitembea nimejibana ukutani, kisigino mbele ya kidole, nikibonyeza kabla ya kukanyaga, iwapo shimo liko hapo.

Mzee Chitema alitangaza kila chumba kabla hatujakifikia, kama mtu wa treni anavyotangaza stesheni. "Sebule!" Palikuwa na mahali pa kuotea moto. "Mzungu aliwasha moto hapa mwezi wa saba, halafu akalalamika joto." "Chumba cha kulia!" Ukutani palikuwa na kidirisha kidogo chenye ubao wa kuteleza. Alituonyesha alivyokuwa akipitisha sahani humo enzi za ujana wake, akiwa msaidizi wa mpishi. "Mikono yangu waliijua vizuri," alisema. "Uso wangu, sina hakika." Mwalimu alicheka, kisha akaacha kucheka.

Bafuni palikuwa na beseni refu kama mtu aliyelala, na kutoka bombani hadi kwenye tundu la maji palichirizika alama ya kahawia. Kiwiko cha Zainabu kiliingia mbavuni mwangu.

"Si nilikwambia?"

"Kutu, mjukuu," alisema mzee. "Maji ya hapa yana chumvi."

Nilitaka sana kumwamini. Lakini tulipotoka bafuni nilisikia kitu mahali fulani upande wa giza wa korido: kikohozi kidogo, kilichozibwa. Papo hapo Mzee Chitema naye akakohoa, kikohozi kirefu cha kuinamia magoti. "Vumbi," alisema. Nilitazama chini. Sakafu ile haikuwa na vumbi hata la kuandikia jina.

Mbele ya mlango wa mwisho mzee alisimama, mgongo ukiugusa. "Hii stoo. Popo wamejaa. Haifunguliwi."

"Hata kidogo?" afisa aliuliza.

"Mkojo wa popo ukiingia jichoni, bwana, unakuwa kipofu."

Afisa alimtazama, akatazama mlango, akaandika maneno mawili kwenye faili lake. "Popo siwawezi," alisema, akalifunga. Nimeufikiria mara nyingi wepesi ule wa kulifunga faili. Nadhani alikuwa mtu ambaye, akipewa nafasi, alipendelea kutojua.

Tuliambiwa tutoke verandani tukale viazi tulivyokuja navyo. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu ya kutembea kwangu kwa kujibana, na hapo hapo kamba ya kandambili yangu ikachomoka. Nilichutama, nikairudisha kwenye tundu lake kwa meno. Nilipoinua kichwa, korido ilikuwa tupu.

Milango yote ilikuwa ya kijivu, imefungwa, yote inafanana. Sikujua upi unatoka nje. Nilizisikia sauti za wenzangu, lakini katika nyumba ile ya saruji sauti zilitoka kila upande. Nilienda hatua chache, nikarudi. Kisha nyuma ya mlango mmoja nilisikia kitanda kikilia na mtu akivuta pumzi. Nikajiambia ni wao. Nikajiambia pia si wao. Mtu aliyeogopa kupita kiasi hurudi kwenye kitu cha kwanza alichofundishwa.

"Hodi," nilisema.

Kimya. Pumzi nayo ilikuwa imekatika.

"Hodi."

Kimya kile kilikuwa cha mtu, si cha chumba. Mtoto anaijua tofauti.

"Hodi."

"Karibu," ilisema sauti ya ndani, dhaifu, kama imevutwa kutoka kisimani. "Karibu, mwanangu."

Sikumbuki kupiga kelele, lakini wote wamekubaliana kwamba nilipiga, na kwamba neno nililopiga ni mumiani. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Chitema. Alipiga magoti mbele yangu juu ya sakafu ile nyekundu, akanishika mabega.

"Ulisikia popo," alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakuwa ameitumia siku nzima. "Sawa, mjukuu? Popo. Sema popo."

Afisa alifika, na mwalimu, na darasa zima na viazi vyao.

"Kuna nini, binti?" afisa aliuliza.

Mzee alinitazama. Ningeweza kusema. Ni neno lenye silabi mbili. Lakini Zainabu alikuwa amesimama pale, na wengine wameanza kucheka, nami niliona kwamba nikisema popo nitakuwa mwoga na mwongo kwa pamoja.

"Nilipiga hodi," nilisema. "Akajibu karibu."

"Popo wa Kongwa wana adabu!" mtoto mmoja alisema, wakacheka zaidi. Afisa naye akacheka. Naamini alitaka tu kunituliza, alipougonga mlango kwa kifundo cha kidole, kwa mzaha, kama mtu anayecheza na mtoto wa dada yake: "Hodi humu, wenyewe!"

"Karibuni," ilijibu ile sauti.

Ulikuwa mlango wa ile stoo ya popo. Mzee Chitema alifumba macho. Kisha alisimama, akatafuta ufunguo kifuani, akauona, akaupoteza, akauona tena.

Ndani palikuwa na kitanda kimoja cha kamba, sufuria ya uji, na ukutani kalenda ya mwaka uliopita. Mwanamke mzee alikuwa amejiinua kwa kiwiko, akihangaika kuvuta kanga ifunike mabega yaliyobaki mifupa, maana wageni wameingia na yeye hajakaa vizuri. Alitutazama wote. Hakuonekana kuogopa. Alikuwa na haya kidogo, ya mwenye nyumba aliyekutwa bila kiti cha kuwapa wageni.

"Shikamoo mama," afisa alisema. Faili alilishusha pajani.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wa nani huyu, anayepiga hodi vizuri hivi?"

Nilikuwa nimejificha nyuma ya sketi ya mwalimu. Sikujibu.

"Mzee, uliniambia nyumba tupu," afisa alisema.

"Ni tupu, bwana. Vitu vya nyumba vimekwisha vyote. Huyu si wa nyumba. Huyu ni wangu."

Afisa hakupandisha sauti. Alilifungua faili, akakata maneno mawili aliyoandika, akaandika mengine. Nilikuwa karibu, niliisikia kalamu.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Yanayofuata niliambiwa na Mwalimu Sabina, miaka mingi baadaye, akiwa amestaafu. Kibanda cha watumishi kilikuwa kimeanguka paa katika mvua za mwaka ule. Mke wa Mzee Chitema alikuwa na ugonjwa wa kifua, hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani, na nyumba ile ilikuwa mahali pakavu pekee. Ruhusa hawakuwa nayo. Nta mzee aliisugua kila asubuhi ili ifunike harufu ya dawa na ya ugonjwa, na vyumba alivitangaza kwa sauti kubwa ili mkewe ajue tulipofika na azuie kikohozi. Wiki ile ile waliondoka kwa mkokoteni wa ng'ombe, kuelekea kwa ndugu za mzee upande wa Mpwapwa. Walifika salama au la, sijui. Nimeuliza watu watatu, nao wana majibu matatu.

Siku ile mimi niliiogopa nyumba, na kumbe palikuwa na mtu aliyetuogopa sisi, tangu ngazini hadi mlango wa mwisho, na bado akatueleza habari za kidirisha cha sahani ili tufurahi. Hilo nililielewa nikiwa na watoto wangu. La pili lilichelewa zaidi. Mama yule alizinyamazia hodi mbili za kwanza. Alijua kinachomngoja akijibu. Lakini alijua pia kwamba ya tatu ikipita kimya mgeni hugeuza miguu, na mgeni mwenyewe alikuwa mtoto, na sauti ya mtoto ilikuwa karibu kulia. Hakuweza kunyamaza. Na mimi, niliyefundishwa adabu ile ile, nilimwacha na swali lake bila jibu.

Mwezi uliopita niliinua ndoo yangu, nikapita baraza la jirani, nikaingia ndani kwangu, nikafunga mlango. Kisha nikalijibu swali la mama yule kwa sauti, peke yangu, jinsi mtoto anavyopaswa kumjibu mtu mzima aliyemkaribisha.

Mtoto wa Yustina, mama. Yustina wa Chamwino.