Dakika Tatu za Kimya

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha simu ya upepo Tabora, nilikosea kabla hata ya chai ya saa nne. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita miaka mingi nyuma, wazazi walipofariki, ili nilee wadogo zangu watatu. Mtumishi wa kituo cha Kigoma aliponiita redioni nilimwamkia, nikamuuliza habari za mke, watoto na mvua, kama tulivyolelewa Unyamwezini.

Mkuu wa Kituo akanivua visikilizi masikioni. "Binti, hapa si barazani!" Akanionyesha saa ya ukutani, iliyopakwa rangi nyekundu sehemu mbili, juu na chini. Mshale wa dakika ukiingia humo, vituo vyote vilinyamaza dakika tatu, ili chombo chenye shida ziwani kisikike hata kama betri yake ni dhaifu. "Humo hata mimi siamkiwi," alisema.

Mwaka wa tatu, mdogo wangu Ramadhani alipangiwa ualimu kijiji kimoja kando ya Ziwa Tanganyika. Akapanda boti Kigoma, iitwayo Neema. Siku hiyo, saa nane kamili mchana, mshale umeingia kwenye nyekundu, nikasikia sauti ya mzee, nyembamba kama uzi.

"Tabora, Tabora. Nahodha wa Neema hapa. Hamjambo hapo?"

Milima iliwazuia Kigoma wasimsikie. Mawimbi ya redio yaliruka juu angani yakatua kwetu. Kwa lafudhi nikajua ni mtu wa kwetu, na anangoja shikamoo yake. Sauti ilikuwa inafifia. Nitamkatizaje mzee?

"Baba, salamu baadaye! Mko wapi?"

Nikabana visikilizi masikioni. Nikajua nimemuudhi. Kisha: "Injini imekufa, maji yanaingia. Tuko mkabala na mdomo wa Malagarasi." Sauti ikakatika.

Nikawaarifu Kigoma, wakatuma boti. Jioni jibu likaja: wote wazima, Ramadhani akiwemo. Mkuu wa Kituo alirusha kofia yake juu ikanasa kwenye feni.

Wiki iliyofuata nahodha akashuka kwenye treni na kapu la samaki wakavu wa ziwani, migebuka. Akasimama mlangoni, uso umekunjwa. "Ni wewe uliyeninyima shikamoo?"

Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba! Habari za nyumbani? Wadogo? Mvua?" Akacheka mpaka mshale ukaingia kwenye nyekundu, na sote tukafumba midomo.

Siku hizi chombo kikipata ajali, kifaa kidogo hutuma mahali kilipo hadi kwenye setilaiti, bila kusubiri mshale. Nafurahi sana. Mimi nimestaafu, na Ramadhani naye. Akinipigia simu huanza, "Shikamoo, dada," nami humwacha amalize salamu zote, bila kutazama saa.